Nilimpa Mzee Dermot Bunduki Ambayo Hakuwahi Kuishika

Kosa ni langu. Nasema hivyo mapema, kabla sijaanza kutafuta visingizio, maana visingizio ninavyo tele na mdomo wa kuvipamba ninao. Mdomo huo ndio ulionifikisha hapa.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na miwili, Mkenya. Naishi Scarborough, hapa Toronto, kwenye moja ya majengo mawili ya ghorofa ambayo sasa yana mabango ya kampuni ya ujenzi mbele yake. Siku za kazi nakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Wikendi mimi ni MC. Harusi, mahari, matanga, kumkaribisha mchungaji mpya, ni mimi. Kuanzia Downsview mpaka Pickering, Mkenya akiwa na shughuli na hataki watu wasinzie vitini, ananipigia mimi simu.

Sijisifu. Nawaambia ili mjue nilikuwa naogopa kupoteza nini.

Niliyemkosea ni Mwairishi wa miaka sitini na minane. Hapa nitamwita Mzee Dermot. Si jina lake. Jina lake nimeshalichafua vya kutosha.

Tulijuana chumba cha kufulia nguo, kule chini kabisa ya jengo, ambako kuna mashine sita na zinazofanya kazi ni nne. Yeye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wapangaji. Mashine ya joto ya jengo ikizimika kwenye baridi ya Januari, mzee huyu alizunguka mlango kwa mlango na kipimajoto, akaandika kila kitu kwenye daftari, halafu akashuka ofisi ya mwenye jengo na kukaa pale mpaka mtu atoke kumsikiliza. Lifti ikikwama, yeye. Kunguni wakiingia, yeye. Mtu hakuwa na haja ya kumuomba mara mbili.

Nguo zikizunguka, alinisimulia maisha yake. Nilidhani ni hadithi za mzee mstaafu aliyezoea kuendesha basi la shule. Kumbe nilikuwa nazungumza na mwanasiasa.

Kwao, Ireland ya Kaskazini, alikuwa diwani wa mji mdogo kwa miaka kumi na saba. Chama chake kilikuwa kidogo, cha mrengo wa kushoto. Walitaka Ireland iwe jamhuri moja, isiyo na mfalme wa Uingereza juu yake, na walitaka pia mpangaji asikamuliwe na mwenye nyumba. Mapadri walimwita mkomunisti. Wenye bunduki nao walimwita msaliti, kwa sababu alitaka jamhuri ile ile waliyoitaka wao, lakini alisimama hadharani akasema haiji kwa kumuua jirani. Mara mbili walimfuata mlangoni kumwambia aachie kiti. Hakuachia.

Kaka yake mkubwa alikuwa upande wa bunduki. Alifungwa miaka mingi. Hawa wawili walikosana jikoni kwa mama yao juu ya jambo hilo moja, na tangu siku hiyo walikuwa hawajaongea tena.

Siku moja, akiwa anakunja shuka, Mzee Dermot aliniambia maneno ambayo sasa siwezi kuyatoa kichwani. "Nilichaguliwa na watu, na sikuwa na damu ya mtu mikononi," alisema. "Hiyo ndiyo kazi yangu yote. Ukiitoa hiyo, hakuna kilichobaki."

Niliyasikia kwa masikio yangu mawili! Nilikuwa nimesimama mita moja kutoka kwake, nimeshika chupa ya sabuni. Kwa hiyo nisije nikasema sikujua.

Amani ilipokuja kwao, waliokuwa na bunduki walivaa suti wakaingia kwenye uchaguzi, na mmoja wa watu wao akamshinda yeye kwa kura kumi na moja. Akamfuata dada yake Toronto. Alikaa hapa miaka ishirini na miwili bila kupiga kura hata mara moja. Mwanasiasa huyo! Sababu ni kwamba kupiga kura kunataka uraia, na uraia wa Canada unataka uape utiifu kwa mfalme wa Uingereza. Hilo alilikataa. Alibaki mkazi wa kudumu, analipa kodi, anapanga foleni, na siku ya uchaguzi anakaa nyumbani kusoma gazeti.

Halafu mwenye jengo akatangaza kwamba atabomoa majengo yetu yote mawili ajenge maghorofa ya kuuza. Sisi tutahamishwa, tutarudishwa baadaye, wakipenda. Diwani wa wadi yetu alikuwa anastaafu mwisho wa muhula wake, na kiti chake kingegombaniwa. Kwenye mkutano wa wapangaji mtu akauliza nani kati yetu anaweza kusimama. Watu zaidi ya mia wakageuza shingo kumtazama Mzee Dermot. Yeye akatazama viatu vyake, maana kugombea nako kunataka uraia.

Tuliomsukuma ni wawili, mimi na Bi. Filomena.

Bi. Filomena ni Mgoa wa Nairobi, wa asili ya Goa kule India, mama wa miaka karibu themanini. Alikuwa karani wa reli kabla ya kuhamia huku zamani sana, na ndiye katibu wa kamati. Anaandika kumbukumbu za mkutano kwa mkono, hati nzuri ya kusomeka, na hasahau kitu. Kiswahili chake ni kile cha ofisini na sokoni, hakina mapambo.

Yeye alimsukuma Mzee Dermot kwa upole, akimwambia aombe na afikirie. Mimi nilimsukuma kwa nguvu. Nilimwambia kiapo si kitu. "Ni maneno tu, Mzee," nilisema. "Unayasema, yanapita."

"Kwetu watu wamezikwa kwa sababu ya maneno hayo," alisema, akachukua kikapu chake cha nguo akaenda.

Baada ya wiki kadhaa alijaza fomu za uraia. Mwaka uliofuata aliitwa kuapa, na tulimsindikiza. Ukumbini watu walikuwa wamevaa vizuri, wengine wanalia kwa furaha, watoto wanapunga bendera ndogo za karatasi. Mzee wetu alisimama wima, mkono umeinuliwa, akasema kila neno, na jina la mfalme akalisema. Hakuruka kitu. Nilijua wapo wanaochezesha midomo tu. Yeye alisema, kwa sauti.

Tukarudi kwa basi, safari ile ndefu ya kuvuka mji. Nilimnunulia chai, akaishika mpaka ikapoa. Karibu tufike ndipo akaongea.

"Maisha yangu yote nilikataa maneno haya, kwa sababu nilikuwa nakataa kwa ajili yangu mwenyewe," alisema. "Leo nimeyasema kwa sababu nyumba si yangu peke yangu."

Naomba mkumbuke safari hiyo ya basi. Mtu alimeza kitu alichokikataa tangu ujana wake, akakimeza kwa ajili yetu, kwa ajili yangu. Halafu tazameni nilivyomlipa.

Kampeni ikaanza. Yeye na Bi. Filomena waliandika karatasi moja ya kugawa milangoni. Aya ya kwanza kabisa, aliyoisisitiza mwenyewe, ilisema kwamba alikuwa diwani kwao wakati wa vita, kwamba hakuwahi kushika silaha, na kwamba hakuwahi kuwaunga mkono walioshika. Niliiona ni aya baridi. Nilimwambia aanze na mambo ya kupendeza zaidi. Akasema hapana, watu wa Toronto wakisikia Mwairishi wa jamhuri, hilo ndilo swali lao la kwanza, na lijibiwe kwanza.

Hizo karatasi niligawa kwa mikono yangu. Ghorofa kumi na nne!

Sasa nyinyi mnajua mila yetu Wakenya. Mtu akitaka kura, huletwa asalimie watu. Anakaribishwa shughulini, anapewa kiti cha mbele, MC anamtambulisha, anasema maneno mawili, anakula, anaondoka. Na utambulisho wenyewe si wa kusoma wasifu. Mtu akiwa mwalimu, MC anasema profesa. Akiwa na duka, ni mwekezaji. Hakuna anayekasirika, wote tunajua. Mimi nimeshampandisha fundi bomba akawa mhandisi mbele ya wakwe zake, na mpaka leo ananishukuru.

Jumapili moja baada ya ibada nilimleta Mzee Dermot kwenye ukumbi wa kanisa letu. Kulikuwa na chakula cha mchana, watu wengi, na wapiga kura wa wadi yetu hawakuwa haba. Nilimfundisha kusema "Bwana asifiwe" na "Hamjambo". Nikamwambia pia kwamba akisikia akina mama wanapiga vigelegele, hapo anasifiwa, basi asimame apunge mkono. Akafanya mazoezi mbele yangu koridoni. Bi. Filomena alikuwepo, alikuja na sufuria lake la wali.

Nilianza vizuri, wallahi. Nilisema ukweli. Nikasema habari za joto, za lifti, za daftari na kipimajoto. Nikasema alivyokuwa diwani kwao.

Hakuna aliyesikiliza. Watu wanachovya chapati, watu wako kwenye simu. MC yeyote anaijua hali hiyo, ile unayosikia vijiko kuliko sauti yako. Mzee mmoja nyuma akauliza jirani yake, kwa sauti ya kutosha, kama huyu mzungu tunamjua kweli au tumeletewa tu. Watu wakacheka.

Nilishikwa na hasira. Na hapo akili yangu ikakimbilia nyumbani kwetu.

Babu yangu aliingia msituni wakati wa kupigania uhuru. Nyanya yangu aliwapima wanaume wote wa kijiji kwa swali moja, alikuwa msituni au hakuwa? Aliyekuwa, alipewa kiti. Asiyekuwa, hata angekuwa na mema gani, alipewa chai tu. Nimekulia kwenye kipimo hicho. Ndani yangu kabisa, na hili sikulijua mpaka siku ile, nilikuwa naona Mzee Dermot amepungukiwa kitu. Alipigania nchi yake bila bunduki? Nani hapa atamheshimu?

Kwa hiyo nikamkamilisha.

"Ndugu zangu," nilisema kwenye maikrofoni, "msimwone mzee huyu amekaa kimya mkadhani ni mtu wa kuandika barua tu. Huyu alishika bunduki! Alilala msituni kwao kama babu zetu walivyolala, akipigana na serikali ile ile iliyotufunga sisi!"

Ukumbi ulilipuka. Viti vilisogezwa, watu walisimama, akina mama walipiga vigelegele mfululizo. Yule mzee wa nyuma alisimama naye.

Na Mzee Dermot, aliposikia vigelegele, akakumbuka mafunzo yangu. Alisimama akapunga mkono. Akatabasamu kwa uso wote, akageuka kulia na kushoto, akasema "Bwana asifiwe" vizuri kabisa. Sijawahi kumwona na furaha vile. Nikifumba macho namwona anapunga, anashukuru kwa jambo asilolijua!

Bi. Filomena alinikuta jikoni, tunaosha vyombo. Hakupaza sauti.

"Wewe mama, umesema uongo pale mbele," alisema. "Rudi, sema si kweli. Watu wako bado."

"Auntie, hizo ni mbwembwe tu za MC. Watu wanajua."

"Mbwembwe ni kusema bibi harusi mrembo. Hii watu watabeba nyumbani."

Dakika moja ingetosha. Maikrofoni ilikuwa haijazimwa, naisikia hadi leo inavyokoroma pale ukumbini. Lakini nilikuwa nimetoka kushangiliwa, na mtu aliyetoka kushangiliwa harudi kujishusha. Nikafunga chapati zilizobaki nikaenda zangu.

Kijana mmoja wa Pickering alikuwa amerekodi. Alikuwa na nia njema kabisa, maskini. Aliweka tafsiri ya Kiingereza chini ya video, ili na watoto wetu waelewe, akairusha akisema hatimaye tumepata mgombea aliyepigana kama babu zetu. Siku mbili ikawa kwenye vikundi vyote vya Wakenya. Ya tatu ilishatoka kwetu, iko mikononi mwa wapinzani wake. Pale kwenye video MC anasema alishika bunduki, na mgombea mwenyewe anasimama, anatabasamu na kupunga mkono. Ungekuwa wewe ungeamini nini?

Mzee Dermot alikuja mlangoni kwangu jioni hiyo, kofia mkononi. Alikuwa na simu ya Bi. Filomena, video iko tayari. Aliniuliza kama tafsiri ile ni sahihi. Nikasema ndiyo. Akakaa kwenye meza yangu ya kulia chakula. Natamani angenitukana.

"Mwandishi wa gazeti atakupigia," alisema. "Mwambie uliongeza wewe. Sentensi moja tu, sihitaji zaidi."

Nikasema nitafanya hivyo, na wakati nasema nilikuwa namaanisha. Binti yangu wa miaka ishirini na mmoja alikuwa kwenye kochi, akasikia yote.

Simu ilikuja kesho yake, niko kazini. Mwandishi alikuwa na adabu, anauliza polepole. Mbele yangu walikaa wagonjwa watatu wakisubiri, na mmoja wao alikuwa mama Mkenya ambaye harusi ya binti yake ningeiendesha mwezi uliofuata. Harusi kubwa, watu wanakuja hata kutoka Kenya. Alikuwa ameshusha gazeti lake, ananitazama, maana alisikia nikitaja jina la mzee.

Nilifikiri, nikisema hapa kwamba nilitunga, kesho nani atanipa maikrofoni? Nani atanikabidhi wakwe zake?

"Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia," nilimjibu mwandishi.

Sikugugumia. Ilitoka laini, kama ninavyotaja saa ya miadi. Mwandishi akanishukuru, nikakata simu, nikamwita mgonjwa anayefuata. Yule mama akarudi kwenye gazeti lake.

Mnaona? La ukumbini mngeweza kunisamehe, lilikuwa joto la shughuli. Hili la pili nililifanya nikiwa nimekaa kwenye kiti, mchana, na akili zangu zote. Hili ndilo ninaloungama.

Gazeti likaandika kwamba rafiki na mfuasi wake wa karibu amethibitisha. Wakaweka picha ya video na picha ya ile karatasi yetu kando kando. Sasa mzee hakuwa mtu wa bunduki tu, alikuwa pia mwongo. Vikundi vya wapangaji wa majengo mengine vilivyoahidi kumuunga mkono vikasema vinapumzika kwanza. Wairishi wa hapa waliokuwa wakimsaidia wakaacha kupokea simu. Na wapo waliompigia kumpongeza kwa alichofanya vitani, na Bi. Filomena aliniambia hao ndio waliomuumiza zaidi.

Mzee Dermot hakunitaja. Waandishi walimuuliza kwa nini rafiki yake aseme hivyo kama si kweli, akajibu kwamba hilo aulizwe rafiki yake. Hakuna aliyeniuliza tena. Siku chache baadaye alijiondoa. Aliyeshinda kiti ni mtu wa kupigwa picha na wajenzi, kofia ya ujenzi kichwani, na alipofika baraza la jiji, majengo yetu yalikuwa kati ya mambo ya kwanza kupitishwa.

Jioni ya siku ile gazeti lilipotoka, binti yangu aliniuliza swali. Yeye anasikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku.

"Mum, did he actually tell you that?"

Kama kweli mzee aliniambia hivyo? Nilimwambia aachane na mambo ya watu wazima. Akaitikia, akaingia chumbani. Tangu hapo, nikimwambia jambo lolote, hata la shangazi yake wa Kenya, ananiuliza kwanza kama nasema kama mama au kama MC.

Habari ilifika mpaka kwao Ireland. Mji ule mdogo, watu waliomchagua miaka kumi na saba, wakasoma. Na kaka yake, yule aliyefungwa, akampigia simu. Baada ya miaka yote ile! Bi. Filomena alinieleza tukiwa tunasubiri lifti, bila kunitazama, akihakikisha tu kwamba najua.

Kaka mtu hakumtukana. Alimwambia hivi: "Kumbe ulikuwa mmoja wetu, na ukatuacha tufungwe peke yetu."

Mzee Dermot alijaribu kueleza. Kaka akakata simu. Ana miaka sabini na mitano, mgonjwa wa mapafu.

Lifti ilipofika, Bi. Filomena aliingia, nami nikabaki nje. Sikuweza kupanda naye.

Mnajua kinachonikera kuliko vyote? Mimi sijapoteza kitu! Harusi ile niliiendesha, na ilifana. Simu bado zinalia. Kwenye sherehe moja huko Pickering, yule kijana wa video alinishika mkono akaniambia nilimtangaza vizuri sana yule mzee wa bunduki, ila siasa za wazungu ni chafu. Nilitaka kupiga kelele. Nikacheka naye, nikachukua maikrofoni, nikaendelea.

Najikasirikia mpaka nachoka, halafu nawakasirikia wengine. Nimemkasirikia nyanya yangu na kipimo chake, na yeye yuko kaburini. Nimemkasirikia Mzee Dermot mwenyewe kwa kupunga mkono bila kuuliza. Fikirieni! Nilimfundisha mimi kupunga, halafu namlaumu kwa kupunga.

Nilijaribu kurekebisha, kwa ujanja ujanja. Nilimtumia mwandishi ujumbe kwamba huenda nilielewa vibaya. Huenda! Hakujibu, habari ilikuwa imeshapoa. Nikatafuta njia nyingine, rahisi zaidi. Mwezi uliopita nilipika chapati, nikazifunga, nikapanda mpaka kwake.

Ndani kulikuwa na maboksi. Tumeshapewa notisi za kuhama, yeye anapelekwa upande mwingine kabisa wa mji, mimi sijui bado. Kipimajoto kilikuwa juu ya boksi la vitabu. Nilimwomba msamaha, nikalia, nikamwambia yote, mpaka yule mama kwenye kiti na gazeti lake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza wapangaji maisha yake yote.

Nikamwambia nataka kuandika ungamo, litolewe gazetini, lisomwe na watu, ili moyo wangu upumzike. Nilidhani atafurahi.

"Andika," alisema. "Lakini weka jina lako. Bila jina ni uvumi mwingine tu, na uvumi ninao wa kutosha. Kaka yangu hawezi kupelekewa karatasi isiyo na jina."

Akachukua chapati, akanishukuru, akanifungulia mlango.

Kwa hiyo nimeandika. Nyinyi mnaoshika maikrofoni, nawasihi. Mtu akiwekwa mikononi mwenu, muulizeni kwanza ni kipi asingependa kuongezewa. Msimpe mtu ushujaa wa babu zenu, huenda yeye alikuwa na wake na ulimgharimu zaidi. Na mkishakosea, rudini pale pale mbele, siku ile ile, kabla vyombo havijaoshwa. Ukishavuka mlango wa ukumbi utakuwa na sababu mpya kila siku ya kutorudi. Mimi ninazo mpaka leo.

Binti yangu ameipitia barua hii, akanisahihishia alama. Alipofika mwisho aliniuliza kwa nini hapa chini, mahali pa jina, pako wazi. Nilimwambia nitajaza nikishaisoma mara moja zaidi.

Nimeshaisoma mara nne. Mhariri, kama imekufikia na pako wazi bado, basi jueni wote kwamba kaka wa Mzee Dermot bado anasubiri, na mimi bado naiwaza harusi nyingine, ya Agosti, ambayo nimeshaahidi kuiendesha.